Tundu la Juu

Papa Shemasi hakula samaki. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia habari za kibanda chake cha kwenye barafu hudhani alikuwa mvuvi, mtu wa ziwani kama sisi. Wapi! Alikuwa mtu wa milimani, wa ng'ombe na maziwa, na kwao samaki alihesabiwa kundi moja na nyoka. Mimi niliyezaliwa mahali ambapo ndagala, wale samaki wadogo, huanikwa hadi mlangoni kwa mchungaji, nilikaa naye misimu mitatu ya baridi ndani ya boksi jeusi juu ya ziwa lililoganda, yeye ameshika mkuki wa meno saba, na sikuwahi kumwona akitia mdomoni hata mnofu mmoja. "Harufu inatosha," alikuwa anasema, kisha anafuta mikono kwenye theluji.

La pili nalisema mapema ili nisije nikalikwepa. Kibanda kile kilikuwa na matundu mawili ya hewa, moja chini karibu na sakafu, moja juu karibu na paa. Siku moja niliziba lile la juu kwa soksi. Shemeji yangu alinusurika kufa, mimi pia, na Papa Shemasi akabeba lawama mbele ya kanisa zima. Nilinyamaza miaka sita. Kwa hiyo yote nitakayosema juu yake hapa, ya sifa na ya kuchekesha, yasikie ukijua kwamba msemaji alikuwa na soksi mfukoni.

Nilimjua Louisville, kule South End, tukifanya kazi kiwanda kimoja, yeye kwenye kufunga maboksi, mimi kwenye foklifti. Tulipanda basi moja. Wengine tulitoa simu, yeye alitoa mita yake, ile tepu ya chuma inayojirudisha yenyewe, na kuanza kupima: upana wa kiti, urefu wa dirisha, nafasi kati ya goti lake na mgongo wa abiria wa mbele. Hakuandika popote. Alikuwa anataka kujua tu. Siku ya kwanza aliniambia, bila salamu, "Hiki kiti walikitengenezea mtu mwenye miguu mifupi," akarudisha mita mfukoni, akalala mpaka kiwandani.

Mita hiyo ilikwenda naye kila mahali. Ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake la Jumapili, na wakati wa sadaka ungeweza kusikia ikigonga funguo. Mwenye nyumba alipomwambia kwamba mlango wake hauna kasoro, ila yeye hajui kuufunga, alipiga goti, akapima pembe nne, akamwonyesha namba kwa kidole bila neno lolote, maana Kiingereza chake kilikuwa "good morning" na "Jesus." Mlango ulibadilishwa kesho yake. "Jicho ni muongo," alituambia. "Mtu akikuambia 'naona iko sawa,' muulize, umeona kwa inchi ngapi?"

Kupima peke yako kitu kirefu haiwezekani, lazima awepo wa kushika ncha ya pili. Hapo ndipo alipotuchuja. Aliangalia watu waliosimama, akachagua mmoja, akamwambia, "Bon, shika huku." Basi. Kwetu sisi vijana wa kanisa maneno hayo mawili yalikuwa cheo. Mchungaji mwenyewe aliwahi kuikimbilia ncha ya mita siku tulipokuwa tunatengeneza jukwaa, akaambiwa, "Acha, Pasta, mkono yako inatetemeka." Watu waliinama kuficha vicheko. Mimi aliniambia "shika huku" mwezi wa nne tangu tujuane, na nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu kama nimepandishwa kazi.

Mkewe alifariki hukohuko Louisville. Makaburini, kabla sanduku halijateremshwa, alipiga goti kwenye majani yenye maji, akavuta mita, akapima shimo urefu na upana. Mwanamke mmoja nyuma yangu alifyonza. Papa Shemasi alisimama, akasema, "Inatosha, anaweza kunyoosha miguu," ndipo akaruhusu. Nilikuwa sijawahi kuona mtu akilia bila kutoa sauti wala kubadili uso.

Sasa, mama yule, mkewe, alikuwa wa ziwani kama sisi. Walioana wazee wa pande zote mbili wakiwa wamekasirika, na sharti la mume lilikuwa moja: sufuria ya samaki haipandi jikoni mwake. Mama alikubali. Alikuja kula samaki kwetu, Jumamosi, na mke wangu, wawili hao wakinyonya vichwa na kucheka mpaka machozi, halafu ananawa kwa limau na sabuni mara tatu kabla ya kurudi kwa mumewe. Miaka ishirini na kitu mwanamke alikula chakula cha kwao jikoni kwa watu. Sikumpenda Papa Shemasi kwa hilo, na nilimwambia.

Hakunijibu siku ile. Alinijibu mwaka mmoja baadaye, sote tulipokuwa tumehamia Columbus, mimi kwenye ghala moja kule Hilliard, yeye Northland, karibu na kanisa letu jipya. "Nilimkataza kitu sikijui," alisema. "Sikuonja. Sikuuliza. Nilisema hapana tu, sawa vile baba yangu alisema. Ile inaniuma." Akaendelea kupiga msumari.

Kibanda kilizaliwa na uchungu huo, hakikuzaliwa na njaa. Kazini kwake kulikuwa na mzungu mzee aliyekulia Michigan, na siku moja wakati wa kula alimwonyesha picha kwenye simu: kinyumba kidogo juu ya ziwa lililoganda, ndani giza tupu, sakafuni shimo kubwa kama meza, na chini maji yanang'aa. Unakaa, unaangalia, samaki akipita unamchoma mkuki. Kule kwao sheria inaruhusu, kwa leseni na kwa msimu wake. Mwingine angeuliza samaki ana ukubwa gani. Papa Shemasi alinitafuta nimtafsirie, akauliza, "Kuta ziko na unene gani?"

Alikichora nyuma ya karatasi za ratiba ya ibada. Futi sita kwa futi nne na nusu. Fremu ya mbao nyepesi, plaiwudi nyembamba nje, katikati godoro gumu la povu, ndani rangi nyeusi isiyong'aa, maana mwanga ukiingia humo unaona uso wako majini badala ya samaki. Chini alikifunga mbao mbili zilizopinda mbele ili kiburutwe kwenye theluji. Mlango ulifunguka kwa nje. Nilimuuliza kwa nini usifunguke kwa ndani kama milango ya watu, akaniangalia kwa huruma. "Mtu akianguka nyuma ya mlango, utamsukuma na nini?"

Halafu matundu. Jamani, matundu! Jumamosi mbili nzima tulibishana juu ya matundu, nyuma ya kanisa, upepo unatukata masikio. Humo ndani angewasha hita ndogo ya gesi, na mimi niliona kutoboa ukuta uliotoka kuufunga vizuri ni wazimu. Alinieleza polepole. "Nyumba yetu ya kule juu inapumua kupitia nyasi. Unawasha moto katikati, moshi unapanda, unajipitia. Hii mbao haina pua. Donc, kwa hiyo, tunaipa pua mbili, moja ya kuvuta, moja ya kutoa." La chini alilitoboa upana wa ngumi. La juu alilitia bomba lililopinda kama kiwiko, hewa ipite, mwanga usipite. Akaingia, akafunga mlango, akachoma karatasi kwenye kopo, na mimi nje nikaona moshi ukitoka kwenye kiwiko, mwembamba, umenyooka. Alitoka akikohoa na kucheka. "Mtoto anapumua," alisema.

Nilijua basi. Hakuna mtu duniani aliyejua kazi ya tundu lile kuliko mimi.

Ziwa lenyewe, hukohuko Michigan, lilikuwa mwendo wa saa nne kutoka Columbus. Tulikwenda na gari langu na trela ya kuazima, na njia nzima aliimba. Tukifika ukingoni, wimbo uliisha. Papa Shemasi aliiogopa barafu kuliko kitu chochote, na hilo wengi hawalijui kwa sababu alikuwa wa kwanza kuikanyaga. Alitangulia na mtaimbo, anapiga mbele yake, anasikiliza, anapiga hatua moja, anapiga tena, vilevile alivyopitisha ng'ombe mtoni enzi zake. "Mto hauulizwi kwa mdomo," alisema, "unaulizwa kwa fimbo." Midomo yake ilikuwa inatembea Zaburi wakati wote. Chini ya koti alivaa jaketi la kuokolea, na kamba ilifungwa kiunoni mwake, ncha nyingine kwangu. Kila miguu yangu ilipoteleza aligeuka na kunitukana kwa lugha ya kwao, halafu akaomba msamaha kwa Mungu, kwangu hakuomba.

Barafu ilipolia chini yetu, ule mlio mrefu unaoanza mbali na kupita kati ya miguu yako, mimi niliikamata kamba kwa mikono miwili. Yeye alisema, "Ikilia iko salama. Ikinyamaza, ogopa." Hata hivyo nilimwona akijifuta jasho, baridi ile ya kupasua midomo.

Tukishakata shimo kwa msumeno na kukivuta kibanda juu yake, alikuwa mtu mwingine. Kanisani maombi yake yalikuwa marefu mpaka akina mama wakakaa chini mmoja mmoja. Humo ndani hakutoa neno. Ukifunga mlango, giza linakushika, kisha polepole maji yanaanza kuwaka kijani, mwanga unatoka chini, kupitia barafu ya nje, na unaona hadi majani ya ziwani yakicheza. Alikuwa amemwaga maganda ya mayai sakafuni pa ziwa, meupe, ili kinachopita juu yake kionekane. Akina mama wa Northland walimkusanyia maganda hayo miezi mitatu bila kuelewa ni ya nini. Mmoja alihofia uchawi, akamwuliza mchungaji. Papa Shemasi alining'iniza pia samaki wa mbao aliyemchonga mwenyewe, mwenye mapezi ya bati na risasi tumboni ya kumzamisha, anayezunguka ukivuta uzi. Ukikohoa alikufinya paja. Mara moja nilitaka kupiga chafya, akaniziba pua na mdomo kwa kiganja chake kizima mpaka nikadhani ananiua.

Alipomwona samaki hakurusha mkuki. Aliuteremsha taratibu mpaka meno yakaingia majini, akausubirisha, halafu akauachia, uzito wake ukafanya kazi. Wengi walikuwa paiki, samaki mrefu mwenye mdomo kama wa bata. Wote alitugawia sisi. Wa kwanza kabisa alimpeleka kwa mke wangu, akamwinua samaki mlangoni kwa mkia, akasema, "Mpike sawa vile mlikuwa munapika na yeye." Alikaa sebuleni kwetu, akasikiliza mafuta yakilia, akavuta harufu, akaondoka kabla ya chakula. Mke wangu alilia juu ya sufuria. Siku hiyo nilimsamehe.

Msimu wa tatu alikuja shemeji, kaka wa mke wangu, kutoka Louisville. Alikuwa hajawahi kuona ziwa lililoganda na aliongea bila kituo. Upepo ulikuwa mbaya tangu asubuhi, ukisukuma theluji kwenye ukuta wa kibanda, upande wa tundu la chini. Tuliingia watatu, hita ikawashwa, tukakaa. Baadaye barafu ililia mlio wa ajabu, mfupi, mara mbili. Papa Shemasi alichukua mtaimbo na sepetu. "Naenda kuuliza," alisema. "Musiguse kintu." Akatufungia mlango.

Bomba la juu lilikuwa linapiga mluzi. Upepo uliniingia shingoni, baridi kama kisu, na doa la mwanga, dogo tu, lililoponyoka licha ya kiwiko, lilikuwa linacheza juu ya maji kila theluji ya nje ilipong'aa. Sasa nisikilizeni. Mimi nimekulia kambini, chini ya hema la plastiki, miaka kumi na moja. Huko tundu ni adui. Tundu ni mvua, ni nyoka, ni jicho la mwizi. Mama yetu alitufundisha kuziba kabla hatujajua kusoma, ukiona mwanga ukutani, chukua tambara, ziba, usiulize. Nilikuwa na soksi ya akiba mfukoni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaisukuma ndani ya bomba kwa kidole, mluzi ukakatika, doa likazimika, na shemeji akasema, "Aa, sasa pako kama nyumbani."

Kumbe.

Nakumbuka joto likawa tamu. Kichwa kikaanza kugonga, nikadhani ni njaa. Shemeji alisema anasikia usingizi, akaegemea ukuta. Paiki mkubwa alipita juu ya maganda ya mayai, taratibu kabisa, mkubwa kuliko wote niliowahi kuona, na mkono wangu haukuinuka. Nilimwangalia tu. Niliona jambo hilo linachekesha sana.

Kilichofuata ni baridi. Nimelala chali kwenye theluji, Papa Shemasi ananivuta kwa kola, ananipiga makofi, kofia yake imeanguka, mzee wa miaka sitini na zaidi amewatoa wanaume wawili peke yake. Kama mlango ule ungefunguka kwa ndani, shemeji aliyeuangukia angetuzuilia humo. Shemeji alikuwa pembeni, uso mwekundu ajabu, povu mdomoni. Papa Shemasi alimrudia, anampulizia, anamwita kwa jina la baba yake, analia kwa sauti. Nikakumbuka soksi. Haki ya Mungu, kabla sijakumbuka kumshukuru Mungu nilikumbuka soksi. Nilitambaa kurudi ndani nimeziba pumzi, nikaichomoa, nikaitia mfukoni, nikatoka kama mtu aliyefuata simu yake. Simu niliipiga, hilo nalo ni kweli.

Watu wa uokoaji walikuja na magari yao ya theluji. Mmoja alikikagua kibanda kwa tochi, akaniuliza mimi kwa Kiingereza, maana mimi ndiye mkalimani: je, kulikuwa na kitu kimeziba matundu? Papa Shemasi alikuwa amesimama kando yangu, ananiangalia mdomo. Nikajibu hapana. Yule mtu akasema basi labda hayakutosha. "Anasema nini?" Papa Shemasi akaniuliza. Nikamwambia, "Anasema matundu yako ni madogo, Papa."

Aliyatazama muda mrefu. Akatoa mita, akapima la chini, akapima la juu, akasoma namba kwa sauti ndogo, akapima tena.

Shemeji alilala hospitali siku nne. Alipona, lakini hakurudi vile alivyokuwa. Anasahau. Anaanza kusimulia, anapotea katikati, anacheka kwa aibu. Kazi yake, ya foklifti kama yangu, ilimtoka. Na huko Northland maneno yakaota. Mke wangu mwenyewe alisema, "Mtu wa ng'ombe alikuwa anatafuta nini kwenye samaki?" Hilo lilikuwa jepesi. Wengine walinong'ona kwamba si ajali, kwamba watu wa milimani na watu wa ziwani wana yao ya tangu zamani, mbona yeye alikuwa nje wakati wenzake wanakufa? Nilisikia hayo kwenye duka la vyakula la Morse Road, nimeshika mfuko wa unga, nikaenda kulipa.

Jumapili ya pili alisimama mbele. Hakuwa na koti lake. "Nyumba nilijenga mimi," alisema. "Kipimo kilikuwa changu na kilikosa. Mtu asitafute mwingine." Akaweka funguo za kanisa juu ya meza ya Bwana, na juu ya funguo akaweka mita. Mimi nilikuwa safu ya tatu, nimemshika mtoto wangu mapajani, na nilimbana mpaka akalalamika kwa Kiingereza. Wiki ileile alikibomoa kibanda ubao kwa ubao, akahamia Buffalo kwa binti yake. Mita nilikabidhiwa mimi niipeleke stoo ya kanisa. Niliipeleka nyumbani.

Mtu atauliza, sasa nini kilikupeleka kwake Buffalo, baada ya miaka sita? Si ujasiri, mnisamehe. Binti yake alinipigia mwezi wa pili, akasema, "Kaka, njoo umwone baba. Haumwi, lakini kuna vitu anafanya kule chini sivielewi. Wewe ulikuwa mtu wake." Wewe ulikuwa mtu wake. Niliendesha kutoka Columbus na mita iko kwenye kiti cha pembeni, na kila mji niliopita nilijiambia nitageuza gari kwenye mji unaofuata.

Mjukuu alinifungulia, akanijibu kwa Kiingereza kwamba babu yuko chini ya nyumba. Binti yake alinipa chai, akanionyesha ngazi, akabaki jikoni. Nikashuka.

Ukuta mzima ulikuwa rafu, na rafu zote vibanda. Vidogo, vya urefu wa mkono, vya maboksi ya viatu, vya plaiwudi, kimoja cha bati. Thelathini, arobaini, sijui. Vyote vina mlango wa kufunguka kwa nje. Vyote vina matundu mawili, na kando ya kila tundu namba imeandikwa kwa penseli. Papa Shemasi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amekonda, fimbo mapajani, mbele yake kibanda kimoja na kopo lenye karatasi inayofuka. Hakushangaa kuniona.

"Karibu," alisema. "Kaa, angalia hii. Hii ni ile yetu. Inchi kwa inchi, nimeipunguza tu. Hata theluji nimeiwekea." Kwenye tundu la chini alikuwa amebandika pamba. Alitia kopo ndani, akafunga. Moshi ukatoka kwenye kiwiko cha juu, mwembamba, umenyooka. "Unaona? Inapumua. Nimeongeza, nimepunguza, nimegeuza, yote inapumua. Miaka sita natafuta mahali nilikosa. Usiku nahesabu. Binti yangu anafikiri nimeanza kupoteza akili." Akanitazama, na sauti yake ikashuka. "Wewe ulikuwa mule ndani. Nisaidie. Nilikosa wapi?"

Nilipanga hotuba, saa tano za barabara. Yote ilipotea. "Hukukosa, Papa," nikasema. "Mimi niliziba la juu. Kwa soksi. Nilikuwa nasikia baridi."

Alifungua kibanda, akatoa kopo, akachoma karatasi nyingine. Akavua soksi yake mwenyewe, mguu wa kushoto, akaisukuma ndani ya kiwiko kwa kidole, vilevile nilivyofanya mimi. Akafunga. Tukangoja. Moshi haukutoka. Ulianza kuvuja kwenye bawaba za mlango, mzito, wa kijivu, na alipofungua, karatasi ilikuwa imezimika kabla ya kwisha kuungua.

"Njo vile," alisema, yaani ndivyo ilivyokuwa.

Halafu akasimama na kunipiga na fimbo. Begani, mara moja, kwa nguvu zake zote zilizobaki. "Ulinitafsiria!" alipiga kelele. "Nilikuuliza anasema nini, ukaniambia! Juu ya nini ulificha? Wamesema nimetaka kuua watoto wa watu! Kwa kabila yangu wamesema! Nimeacha madhabahu! Toka Buffalo sifiki tena Louisville, nimeacha kaburi ya mke wangu bila mtu wa kulisafisha!" Binti yake alikuja mpaka katikati ya ngazi, akaona, akarudi. Nilipiga magoti. Nililia kama sijawahi kulia, na sikuomba msamaha kwa sababu sikujua ningeuomba kwa maneno gani. Alikaa, akipumua kwa shida, mguu mmoja uchi kwenye sementi.

"Shemeji yako anajua?"

"Bado."

"Mpigie."

"Papa, niache nirudi kwanza, nimwambie uso kwa uso."

"Miaka sita ulikuwa na uso. Piga sasa. Na uweke sauti, nisikie."

Nilipiga. Shemeji alipokea akicheka, kama anavyocheka siku hizi asipokuwa na hakika anaongea na nani. Nilimweleza. Ilibidi nimweleze mara mbili, maana katikati alipotea. Mwisho tukasikia televisheni yake tu, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo si mzee." Nikasema si mzee. "Nilikuwa nakataa kumsalimia," akasema, na akakata simu. Kama atanipokea tena sijui, mke wangu pia sijui, na Jumapili ijayo nasimama mbele pale Northland, palepale alipoweka funguo.

Nilivaa koti. Nilitoa mita, nikaiweka juu ya kibanda chake, nikaanza kupanda ngazi. Nilisikia chuma kikivutwa nyuma yangu, mlio ule naujua popote.

"Wewe."

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye ukuta wa mwisho, ule usio na rafu, mita mkononi, ncha amenielekezea.

"Shika huku."

Nikashuka, nikashika ncha. Alivuta upande wa pili, taratibu, fimbo kwapani, mpaka pembeni mwa ukuta. Kisha akaona macho yake hayazifikii namba, tukabadilishana, ncha kwake, namba kwangu. Akaniambia nisome. Nikasoma, futi kumi na moja na inchi mbili. Akarudia namba ile kinywani, akaibana ncha ukutani kwa kiti, akaja kwa fimbo yake, hatua kwa hatua, mpaka nilipokuwa, akainama kuangalia kama nimesema kweli.